Kabla Mvua Haijaingia Ndani ya Tairi

Hapa Malaba, upande wa Uganda, malori hayaishi. Yanatoka bandarini Mombasa yakielekea Kampala, Kigali, Juba na Bunia, na trela moja lina matairi 18 au 22 yanayosagika usiku na mchana. Mume wangu ni fundi wa pancha. Yeye hushughulika na tairi ambalo bado lina safari: hulifungua, huliziba, hulitia upepo, na dereva huondoka. Mimi hushughulika na lile linalobaki. Uwanja ulio nyuma ya kibanda ni wangu, na kila tairi lisilorudi tena barabarani hupitia mikononi mwangu. Kazi hii imenisomeshea watoto, na imenifundisha mambo ambayo natamani kila mwenye gari na mwenye gereji ayajue, maana madhara ya tairi kuukuu hayamwishii aliyelitupa. Humfikia jirani, mtoto wa jirani na ng'ombe wa jirani.

Wengi huniuliza kwa nini matairi yasikusanywe yakayeyushwa, kama sufuria kuukuu za alumini zinavyoyeyushwa kwa mafundi wa Katwe, Kampala, zikatoka mpya. Mpira wa tairi hauyeyuki ukarudi kuwa mpira mbichi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa, ukipashwa moto mkali, hukomaa: haulegei juani wala haukakamai kwenye baridi. Hadi leo matairi hupikwa kwa msingi huo. Salfa hufunga mpira kwa viungo visivyofunguka kirahisi. Humo huongezwa masizi ya kaboni, ndiyo yanayolipa tairi weusi wake, pamoja na oksidi ya zinki, mafuta, nyuzi za nailoni na waya za chuma. Ugumu unaolifanya livumilie mashimo ya barabara ndio huohuo unaolifanya lisioze.

Ukilizika, halikai chini. Tumbo lake hushika hewa na gesi za taka, nalo hupanda polepole mpaka likatokeza juu ya udongo uliolifunika. Umoja wa Ulaya ulikataza kuzika matairi mazima kwenye majalala mwaka 2003, na yaliyokatwakatwa mwaka 2006. Sisi Waganda tumekwisha kuona jalala lililojaa kupita kiasi linaweza kufanya nini: Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala tangu 1996, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Sisemi matairi ndiyo yaliyoliporomosha. Nasema hatuna nafasi ya kutia humo kitu ambacho wajukuu wetu watakikuta vilevile.

Kwa hiyo uwanjani kwangu kuna sheria moja iliyo mbele ya zote: tairi lisilale nje wakati wa mvua. Mume wangu akishalivua kwenye rimu, na dereva akishasema halitaki, tunaamua siku hiyohiyo linakwenda kwa nani. Kama mwenyewe hajapatikana, linaingia chini ya mabati. Watu wanaopita hudhani napenda tu usafi. Lakini maji yakishaingia ndani ya tairi hayatoki yenyewe. Uliegemeze ukutani, yatatulia chini. Ulilaze, yatazunguka ubavu wote. Jua halifiki humo, majani makavu yanaangukia humo, na mbu anapata nyumba na chakula pamoja.

Wala si mbu yule tunayemzungumzia kila siku. Wa malaria hupenda zaidi madimbwi yaliyo wazi. Anayependa tairi ni Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, naye huuma mchana, wakati hakuna aliyelala ndani ya chandarua. Ndiye anayeeneza homa ya manjano, dengi, chikungunya na Zika. Virusi vya Zika viligunduliwa hapahapa Uganda mwaka 1947, katika Msitu wa Zika karibu na Entebbe, kwenye damu ya kima aliyewekwa huko na watafiti. Homa ya manjano ililipuka kaskazini mwa nchi mwishoni mwa 2010, ikarudi Masaka mwaka 2016, na mwaka 2022 chanjo yake ikaingizwa kwenye chanjo za kawaida za watoto. Mombasa nako dengi imekwisha kulipuka zaidi ya mara moja, na malori yetu yanatoka huko. Mimi nikiona trela limefunga juu yake matairi kuukuu yenye maji ndani, simsalimii dereva kabla sijamwambia, "Mwanangu, hebu mwaga hayo kwanza, tena usimwage kwenye mfereji."

Na kumwaga peke yake hakutoshi. Hili nililielezwa na afisa wa afya aliyepita kukagua soko, nikamwomba anionyeshe. Aliingiza tochi ndani ya tairi la lori, akanielekeza niangalie ukuta wa ndani, juu kidogo ya mstari ambapo maji yalifika. Palikuwa na vitone vyeusi vidogo sana, vimejipanga kwenye ule mstari, na mtu asiyejua angesema ni vumbi. Mbu huyu hubandika mayai yake pale, nayo yanaweza kuvumilia ukavu kwa miezi. Maji yakirudi, mayai yanaanguliwa, na baada ya kama wiki moja hadi siku kumi mbu wanaruka. Tangu siku ile tairi lililonyeshewa hulisugua ndani kwa brashi ngumu na sabuni kabla ya kumpa mtu. Hivi ndivyo mbu wa namna hii wanavyosafirishwa baharini pia: mwaka 1985 ndugu yake, mbu wa Asia mwenye mistari, alikutwa amezaliana Houston, Marekani, na ikaonekana alifika ndani ya matairi yaliyotumika yaliyoletwa kwa meli kutoka Asia.

Baada ya maji ni moto, na hapa ndipo ninapogombana na watu.

Vijana wa vyuma chakavu huja jioni. Wana adabu, wananiita mama, wanaomba matairi mawili matatu. Mmoja aliniambia wazi, "Mama, sisi tunataka waya tu. Tutayachoma kule bondeni, asubuhi tunaokota." Nikamuuliza bondeni anaishi nani. Akakaa kimya, kwa sababu nyanya yake anaishi huko.

Moshi wa tairi ni mweusi mzito, na weusi huo ni sehemu ndogo ya ubaya wake. Ndani yake mna kaboni monoksaidi, gesi ya salfa inayokaba kifua, benzini na dioksini, na baadhi ya vitu hivyo husababisha saratani. Chini ya moto hutiririka mafuta meusi yanayoingia udongoni, na kutoka hapo hadi kwenye chemchemi si mbali. Tena moto wa tairi hauzimiki kirahisi, maana umbo lake linajipatia hewa toka ndani; mtu akimwaga maji huku, kule unawaka, na yale mafuta yanasambaa zaidi. Ukilazimika kuuzima ungali mdogo, ufunike kwa udongo au mchanga, usimame upande upepo unakotoka. Huko Hagersville, Kanada, rundo la matairi yapatayo milioni 14 lilishika moto Februari 1990, na wazima moto wa nchi tajiri, wenye magari na ndege, walipambana nalo siku 17. Sisi Malaba tungefanya nini?

Yule kijana sikumfukuza. Nilimwambia aje mchana na msumeno wa chuma. Waya nene za tairi zimekusanyika kwenye kingo mbili za ndani, zile zinazokamata rimu. Ukiukata ukingo huo kwa mzunguko, unapata pete ya chuma iliyovikwa mpira, na mpira huo unachunika kwa kisu. Kazi ni ndefu kuliko kuwasha kiberiti, lakini chuma kinatoka kizima, hakijaungua kikawa cha kuvunjikavunjika, na mpira uliobaki bado ni mali ya kuuzika. Siku hizi huja wawili, wanakata hapahapa kivulini, pete zao, mpira wangu.

Kuna moto mwingine mdogo ambao hauonekani kuwa moto. Watu huomba kipande cha tairi cha kuwashia sigiri, au cha kuunguzia manyoya ya kichwa cha mbuzi na miguu ya ng'ombe. Hiyo ni sumu inayopakwa kwenye chakula. Siwapi, hata awe shemeji. Magunzi ya mahindi huwasha makaa vizuri, na manyoya yanaondoka kwa maji ya moto na wembe. Matairi yanayochomwa barabarani wakati wa fujo za kisiasa nayo huacha lami imelika, na mashimo hayo tunayaendesha sisi wenyewe miaka mingi baadaye.

Waya zinazobaki kwenye majivu nimeona zinavyoua. Jirani yetu, mzee mwenye ng'ombe wachache, alikuwa na jike la maziwa ambalo lilianza kusimama mgongo umepinda, halitaki kuteremka mteremko, likicheua kidogo tu kisha likiguna. Maziwa yakakatika. Daktari wa mifugo alilibonyeza chini ya kidari, likaguna tena, akamwambia mzee achinje mapema. Walipofungua, tumbo la pili lilikuwa limetobolewa na kipande cha waya wa tairi kirefu kuliko kidole changu cha kati, kimepenya mbele hadi kwenye utando wa moyo. Ng'ombe halambi kwa uangalifu. Huzoa majani na kila kilichomo, na vitu vizito huishia kwenye tumbo hilo lililo karibu kabisa na moyo. Pale malishoni palikuwa pamechomwa matairi msimu uliotangulia. Ndiyo sababu hata hori la kunyweshea linalotengenezwa kwa tairi la lori mimi hulipitisha kiganja pande zote kabla halijatoka, na likiwa na waya uliochomoza nalikataa.

Sasa tairi linakwenda kwa nani? Hapa nina mengi ya kusema, ila nitasema zaidi juu ya mzee wa viatu, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kulisoma tairi.

Huyu mzee hushona lugabire, yaani makubadhi ya matairi, karibu na soko. Akija uwanjani haangalii ukubwa. Hulaza tairi, hulipiga kwa rungu, husikiliza. Anatafuta tairi la nailoni. La waya halimfai, kwa sababu mkanda wa chuma uliomo chini ya meno unaharibu kisu na ncha zake zinachoma mguu. Zamani malori mengi yalivaa ya nailoni. Siku hizi ya waya yamejaa kila mahali, hivyo lile la nailoni namfichia yeye. Kisu chake ni kifupi, kimenolewa mpaka kimekuwa chembamba. Hukichovya kwenye kopo la maji ya sabuni kila baada ya kukata kidogo, na kisu kinateleza ndani ya mpira bila kung'ang'ania. Nyayo hutoka kwenye uso wa tairi, kanda hutoka ubavuni, kule kunakopindika kwa urahisi. Kwanza hutenganisha matabaka: anapasua ncha, analikamata kwa koleo, mwanawe anavuta, yeye anapitisha kisu katikati kwa pumzi moja. Misumari anaipinda kwa ndani na kuifunika. Siku moja aliniambia, "Binti yangu, tairi hili limekimbia na mizigo ya watu wakubwa. Sasa litakwenda shamba na mtu mmoja, wala halitapata pancha." Wakulima wa huku hukaa na jozi moja miaka.

Tyubu hazilali hata usiku mmoja. Watu wa boda boda na wa baiskeli huzigombania, wakazikata kamba za kufungia mizigo. Mafundi wa magari huchukua vipande vinene vya ubavu na kuchonga bushi. Shule huchukua ya gari dogo kwa bembea na michezo, nami siwapi kabla ya kutoboa matundu manne chini kwa drili, maji yapite. Kwenye miteremko, matairi yaliyojazwa udongo ukashindiliwa kwa nyundo, safu ya juu ikikalia viungo vya safu ya chini, hushika ardhi isichukuliwe na mvua. Lakini udongo ushindiliwe kweli, mpaka ubavu wa tairi uvimbe. Ukijazwa nusu, umejenga ukuta wa mbu.

Kuna wanaotaka kupandia sukuma na nyanya. Naelewa, ardhi ya mjini ni ndogo. Ila mpira una zinki na mafuta ambayo hutoka kidogokidogo, hasa ukichakazwa na jua, kwa hiyo mimi nawapa kwa maua tu. Wa mboga nawaelekeza kwenye magunia.

Tairi la lori ambalo mifupa yake, yaani nyuzi na waya za ndani, haijaumia halifai kukatwa hata kidogo. Hilo hurudishwa Kampala likavalishwa mpira mpya, na lililotunzwa linaweza kuvalishwa zaidi ya mara moja. Hapo ndipo nimekuja kuamini kwamba kazi ya kutupa tairi salama inaanza likiwa bado barabarani. Likipungua upepo, ubavu hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, linachemka ndani, nyuzi zinaachana. Likifika kwangu halivalishiki tena, hata kama meno yake bado marefu. Kuzidisha mzigo kunafanya vilevile. Dereva anayepima upepo tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya safari, amenipunguzia taka kuliko mradi wowote niliowahi kusikia ukitangazwa.

Lisilofaa barabarani, kwa upande mwingine, halitoki hapa likiwa zima. Kuna mteja aliyewahi kununua kwetu matairi ya gari dogo akisema ni ya kuzungushia bustani. Baadaye mume wangu aliyaona yakiuzwa kama yaliyotumika kidogo, yamepakwa dawa ya viatu yakang'aa, na meno yamechongwa upya kwa chuma cha moto. Tairi lililochongwa hivyo limebakiwa na ngozi tu juu ya nyuzi. Likibasti kwenye teremko, wanaokufa ni abiria wa teksi. Sasa kila tairi lililokufa mimi hulichana ubavuni kwa kisu, mchano mrefu usiozibika, ndipo namkabidhi mtu. Mwenye bustani wa kweli hajali. Na ukinunua lililotumika, angalia ubavuni zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Anayekwambia "karibu jipya" akiwa amelikwangua hapo, muage.

Pamoja na haya yote kunabaki vipande visivyo na mwenyewe: vya waya, vilivyopasuka vibaya, vidogo visivyotoa hata ukanda. Nimeletewa watu wenye mapipa ya kuchemshia matairi wapate mafuta. Tairi likipashwa moto bila hewa kwa nyuzijoto 400 au 500 hutoa kweli mafuta, gesi, masizi na chuma, lakini hiyo ni kazi ya mitambo iliyofungwa vizuri, inayopimwa moshi wake. Pipa lililochomelewa uani ni bomu lenye watoto kando yake. Katika nchi nyingi vipande hivyo huenda kwenye tanuri za saruji, ambazo ndani yake mawe huokwa kwa karibu nyuzijoto 1,450, na hata chuma cha waya huingia kwenye klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji. Tororo iko jirani nasi na ina viwanda vya saruji. Jambo hilo linahitaji vibali, vipimo na usimamizi wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kusafirisha au kuchoma taka za hatari apendavyo. Kwa hiyo vya kwangu vimo kwenye magunia, chini ya mabati, vikavu, na anayekuja kuvitaka namwomba makaratasi kwanza.

Tunachotaka sasa ni sehemu moja ya pamoja yenye paa. Gereji za huku ni nyingi, na si kila moja ina mtu wa kusimama uwanjani kutwa. Tumelipeleka kwa mwenyekiti wa LC 1, baraza la mtaa wetu, naye amewaita wenye maduka ya matairi mapya, kwa kuwa wao ndio wanaopata faida mwanzoni: kila anayeuza jipya apokee kuukuu, alete hapo, achangie bati. Baadhi wamekubali. Wengine wanasema mteja hataki kuongezewa hata shilingi mia tano. Nimewaambia waje wasimame nami siku moja ya mvua, wakiwa na tochi.